Lushoto kwa Miguu: Anza Msituni, Malizia Irente

Mgeni akishuka stendi ya Lushoto, neno la kwanza atakalosikia kwa waendesha bodaboda ni Irente. Atapelekwa kwenye ukingo wa mlima, atapiga picha akiwa ameipa nyika mgongo, na muda si mrefu atakuwa mjini tena akiuliza kuna nini kingine. Ataambiwa Soni kuna maporomoko, Magamba kuna msitu, Mtae ni mbali. Kuanzia hapo safari yake inakuwa ya kuweka alama ya vema kwenye orodha, na jioni ya siku ya pili atasema Lushoto ni pazuri ila hapana mambo mengi. Mwongozo huu unapendekeza uipindue ratiba hiyo. Fuata maji: anza juu yanakotoka, katika msitu wa Magamba, teremka nayo kwenye mashamba ya bondeni na kwenye maporomoko ya Soni, kisha uache Irente iwe ya mwisho. Vituo ni vilevile na nauli ni ileile. Tofauti ni kwamba kila utakachokiona kitakuwa kimeelezwa na ulichokiona kabla yake.

Hoja hiyo inasimama juu ya jiografia ya mahali penyewe. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru, ukaishia Udzungwa. Hii si milima ya volkano kama Kilimanjaro. Miamba yake ni ya kale zaidi, na iliinuliwa na mpasuko wa ardhi. Kwa kuwa iko karibu na Bahari ya Hindi, pepo za baharini huigonga zikiwa zimebeba unyevu, hupanda, hupoa na kugeuka mawingu na mvua. Zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, milima hii iliendelea kulowa, na misitu yake ikabaki kama visiwa vilivyozungukwa na nchi kavu. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombo, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, iko chini yake kwa takriban kilometa nzima ya mwinuko, ilhali barabara inayoiunganisha miji hiyo miwili ni ya kilometa 33 tu. Wasambaa wameigawa nchi yao kwa mgawanyo huohuo tangu zamani: huku juu ni Shambaai, kule chini ni nyika. Ukianzia Irente unatazama nyika kabla hujaijua Shambaai, na ndiyo maana wengi huona tambarare tu na vijiji vidogo kwa mbali.

Basi asubuhi ya kwanza nenda Magamba. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba ina ukubwa wa zaidi ya hekta 9,000 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kutoka mjini kwa bodaboda ni mwendo mfupi wa kupanda. Ondoka mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, maana ukungu wenyewe ni nusu ya kilichokupeleka. Ingia chini ya miti mikubwa siku ambayo hakuna mvua, usimame, usikilize: kuna matone yanayoanguka. Unyevu wa mawingu hunasa kwenye majani, kwenye kuvumwani iliyovika magome, na kwenye nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini kama ndevu za mzee, kisha hudondoka chini kidogo kidogo. Bonyeza udongo kwa kiganja. Unadidimia na kuacha unyevu mkononi. Hapo ndipo vijito vinavyopita mjini na vijijini vinapoanzia, na ndiyo sababu kubwa ya msitu huu kulindwa. Mti wa kumuuliza kiongozi wako ni mkulo, ule wenye mbao za kunukia kafuri ambao wataalamu wameupa jina la Usambara yenyewe, Ocotea usambarensis. Mikulo minene imebaki michache kuliko zamani kwa sababu wapasua mbao waliipenda mno.

Jifunze mapema kutofautisha msitu wa asili na shamba la miti, kwa sababu kandokando ya njia za huku vyote viwili vipo, na mgeni anaweza kutembea nusu ya siku katika misindano na misaipresi akidhani yuko katika msitu wa kale. Alama zake hazijifichi. Katika shamba la miti mashina yamepangwa mistari, yana unene mmoja, chini kumetandikwa sindano kavu, na ndege ni wachache. Katika msitu wa asili miti haina rika moja: mikubwa iko juu, midogo inangoja nafasi chini yake, halafu kuna mitambaazi, kangaga na magogo yaliyooza yenye miche inayoota juu yake. Huko Shume, upande wa kaskazini magharibi, tofauti hiyo ina historia yake. Wajerumani waliwahi kujenga njia ya waya angani kushusha magogo ya mtarakwa kutoka ukingoni hadi Mkumbara, ambako reli ya Tanga ilikuwa ikipita, na leo sehemu kubwa ya Shume ni shamba la miti la serikali. Hata mji wa Lushoto enzi hizo uliitwa Wilhelmstal. Nayasema haya kwa sababu mandhari ya Usambara imeshikwashikwa na mikono ya watu kwa muda mrefu, na anayekuja kutafuta pori lisiloguswa atakosa kuona nusu ya kinachovutia.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza hutokea, na ni la haki: msitu hauna tembo wala simba, nitembee huko kutazama nini? Jibu la kwanza ni kwamba kutokuwapo kwa simba ndiko kunakokuruhusu utembee. Mkomazi, iliyo chini ya milima hii, ni hifadhi ya taifa yenye wanyama wakubwa, na huko sehemu kubwa ya siku utaimaliza ndani ya gari. Magamba unashuka kwa miguu yako, unasimama unapotaka, unainama. Jibu la pili ni kwamba wanyama wapo, ila wanataka subira: mbega weupe na weusi wanaoruka juu ya vichwa vyenu, kima, hondohondo ambao mabawa yao husikika kabla hawajaonekana, na vinyonga, akiwamo wa pembe mbili anayepatikana Usambara. Kuna ndege mdogo wa rangi ya kahawia, Sheppardia montana, ambaye dunia nzima anaishi Usambara Magharibi tu. Ukimwona ni bahati. Lakini hata usipomwona, kujua kwamba unatembea katika makazi yake pekee kunabadilisha namna unavyotazama kichaka. Na liko ua la Saintpaulia. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, mwaka uliofuata likapewa jina lake, na leo ni miongoni mwa maua yanayouzwa sana kwenye vyungu vya madirishani huko Ulaya na Marekani. Kwao hasa ni kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ya milima ya upande huu wa Afrika Mashariki. Miti inayolitilia kivuli ikikatwa, lenyewe hukauka juu ya mwamba.

Kuhusu vinyonga, neno moja. Mtoto au kijana akikuletea kinyonga mkononi ili umpige picha kwa malipo, kataa kwa upole. Vinyonga wa Usambara waliwahi kuwindwa sana kwa ajili ya kuuzwa nje kama wanyama wa kufugwa majumbani, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Anayelipia picha ya kinyonga aliyekamatwa anafungua soko hilo kwa mlango mdogo. Mwombe kiongozi akuonyeshe aliye mtini. Usiku, kwa tochi, huonekana kwa urahisi zaidi kwa sababu rangi yake hung'aa dhidi ya majani.

Pingamizi la pili linahusu kiongozi mwenyewe. Njia ipo, simu ina ramani, kwa nini nimlipe mtu? Ndani ya hifadhi suala hilo halina mjadala: kuna kiingilio, kuna kibali, na malipo ya serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo ukapewa risiti, si kwa kumkabidhi mtu noti kichochoroni. Nje ya hifadhi una hiari, na bado nashauri uwe naye. Njia za Usambara si njia za watalii. Ni njia za watu waendao shambani, kisimani, gulioni na msibani, na nyingi hupita katikati ya mashamba na pembeni ya nyumba. Ukiwa na mwenyeji, salamu zinaitikiwa, mwenye shamba anaulizwa, na wewe unapata kujua kwa nini huyu kapanda viazi na yule kaacha majani. Ramani ya simu haisalimii mtu. Wapo viongozi wanaofanya kazi chini ya vikundi vya utalii wa kitamaduni, mfumo ulioenea Tanzania tangu miaka ya 1990, na ofisi zao mjini Lushoto si ngumu kuzipata. Omba kitambulisho. Kabla ya kuondoka, elewaneni kwa maneno yaliyo wazi kama bei ni ya mtu mmoja au ya kundi, kama kiingilio cha msitu kimo ndani yake, nani analipia chakula cha mchana na nani analipia bodaboda ya kurudi. Manung'uniko mengi unayoyasikia kuhusu viongozi, ukiyachunguza, ni ya mambo manne hayo ambayo hayakusemwa asubuhi.

Ukitoka msituni, usirudi mjini kwa pikipiki. Teremka kwa miguu ukifuata kijito kimoja, na hapa uende polepole kuliko kule juu, kwa sababu ndipo penye mengi na ndipo wageni wengi hupapita wakiwa wameangalia simu. Chini bondeni kuna vitivo, mashamba yenye maji mwaka mzima, yaliyogawanywa vipande vidogo vya kabichi, karoti, nyanya, hoho na viazi. Maji huongozwa kwa vijifereji vya udongo vyenye upana wa jembe. Mkulima akitaka kumwagilia kipande kingine huondoa kwa jembe tonge moja la tope, akaziba nalo kwingine, na mkondo ukageuka. Simama uangalie jambo hilo likifanyika. Halichukui hata dakika moja. Juu ya vitivo, mtelemkoni, kuna ngazi za udongo zilizoshikwa na majani ya Guatemala, majani marefu ambayo huzuia mmomonyoko na pia hukatwa kulishia ng'ombe zizini. Ngazi hizi zina siasa ndani yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta ili kuokoa udongo, tena kwa amri na adhabu. Watu wakapinga. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza kwa kirefu jinsi upinzani huo ulivyounganishwa na madai ya kujitawala, na mpango ukavunjika kabla ya uhuru. Udongo uliendelea kuporomoka, hilo ni kweli, na baadaye wakulima wengi walirudi wenyewe kwenye ngazi na majani baada ya kuona faida yake ya maziwa na mbolea. Kwa hiyo ukiona mtelemko mmoja una ngazi na wa jirani umeachwa wazi, usiharakishe kusema jirani ni mvivu. Muulize kiongozi shamba ni la nani, limekodishwa kwa muda gani, na nani anavuna majani.

Huenda ukasema hiki ni kilimo, na wewe ulikuja kuona maumbile. Lakini katika nchi hii vitu hivyo viwili havitenganishwi kwa uzio. Maji yaliyodondoka kwenye kuvumwani asubuhi ndiyo yaliyo kwenye kijifereji mchana, na kama msitu ungeondolewa kijifereji hiki kingekauka kiangazi na kufurika masika. Maelezo ya namna hiyo ukiyapewa kwenye bango hayakai kichwani. Ukiyatembelea kutoka juu hadi chini kwa siku moja, huyasahau.

Soni haihitaji maneno mengi. Maporomoko yako karibu na barabara, panapofikika kwa basi dogo lolote linalokwenda Mombo, na uzuri wake hutegemea msimu: baada ya mvua maji ni mengi na mekundu kwa udongo, kiangazi ni membamba na safi. Miamba iliyolowa inateleza, na wanaoumia mara nyingi ni wale waliosogea kwa ajili ya picha. Kinachofaa kuangaliwa hapa ni huo wekundu wa maji baada ya mvua, kwa maana ndio udongo wa ile mitelemko isiyo na majani uliyoipita jana. Kutoka Soni mto unaingia katika korongo na kushuka hadi Mombo, ambako mashamba ya mpunga humwagiliwa kwa maji ya milimani, kisha maji hayo huelekea kwenye mto Pangani na baharini.

Sasa nenda Irente, na uende alasiri. Kutoka mjini ni kama kilometa sita za kupanda kupitia Yoghoi, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu wa kawaida. Njiani liko shamba la kanisa la Kilutheri linalouza jibini, mkate na jemu zinazotengenezwa hapohapo. Ni mahali pazuri pa kula kabla ya kufika mwisho. Ukifika ukingoni, ardhi inakatika ghafla na Mazinde iko karibu mita 1,000 chini ya miguu yako. Yule mgeni wa bodaboda aliona tambarare. Wewe utaona mistari ya mikonge, barabara kuu, reli, kijani kinachofuata mahali maji ya mlima yanapofika, na ukavu unaoanzia pale yanapokoma. Utaelewa pia kwa nini vijiji vingi vya zamani vya Wasambaa vilijengwa karibu na ukingo: mtu aliweza kulima huku juu na kule chini, mvua ikikosa upande mmoja akaokolewa na mwingine. Hata simulizi la Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguru akafanywa mfalme, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vugha, limejengwa juu ya mabadilishano ya namna hiyo: yeye ana nyama, wenyeji wana vyakula vya shambani. Jua huzama upande huo wa nyika, mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza huingia upesi. Uwe na tochi, au uwe umepatana na bodaboda kabla.

Mwenye siku nne au tano aiendeleze njia kwa miguu hadi Mtae: kutoka Magamba kupitia Lukozi, penye soko kubwa la mboga, kisha Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki hupokea wageni wa kulala, hadi Mtae au Mambo kwenye ukingo wa kaskazini. Huko utaitazama Mkomazi na milima ya Upare, na hewa ikiwa safi, Kilimanjaro. Peleka taarifa ya kulala mapema, na kumbuka kwamba mabasi ya kutoka Mtae huondoka alfajiri. Anayelala hadi jua lichomoze atakaa siku nyingine.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza na barabara ya Mombo hadi Soni huweza kuangukiwa na udongo. Juni na Julai kuna baridi ya kweli; mtu wa Dar es Salaam au Tanga asidhani sweta moja jembamba linatosha usiku. Viatu viwe na meno na viwe vimeshavaliwa, kwa sababu kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Beba koti la mvua hata kiangazi, maji ya kunywa, na fedha ndogondogo, kwani mama anayeuza plamsi au makande njiani hana chenji ya noti kubwa.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote: wengi wana Jumamosi na Jumapili tu, na mpango huu unaonekana wa mtu mwenye likizo. Nakubali kwamba siku mbili hazitoshi kufanya yote. Lakini zinatosha kuufuata mpangilio wenyewe kwa sehemu kubwa: Jumamosi asubuhi Magamba, mchana vitivoni, Jumapili Soni ukiwa njiani kurudi, na Irente uiweke jioni ya Jumamosi ikiwa miguu bado inataka. Na kama una nusu siku tu, ikakulazimu kuchagua kimoja, chagua Magamba uiache Irente. Nyika utaiona bure kwenye dirisha la basi ukishuka Mombo, kona baada ya kona. Msitu hauonekani kwenye dirisha la basi.